Crohn kwa Watoto wa Kiafrika: Asili Inaulizwa Pasipo Mahali Pake

Kauli moja inasikika wodini kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi kwenye kliniki za Ulaya zinazohudumia familia zetu: mtoto wa Kiafrika anayeharisha damu ana amiba, ana kichocho au ana TB, kwa sababu Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa hesabu ya uwezekano, daktari anayeanza na amiba hakosei. Kosa linakuja baadaye. Metronidazoli, dawa ya amiba, imetolewa kwa mara ya tatu, dawa ya minyoo imerudiwa, mtoto bado anaamka usiku kwenda chooni, urefu wake umesimama palepale, na faili bado linasomeka "kuhara sugu". Hapo asili ya mtoto imegeuka sababu ya kutotafuta.

Asili, iwe kabila, rangi au bara walikotoka mababu, inapewa uzito mkubwa pale inapojua machache, yaani katika kuamua nani anaweza kuugua. Kisha inasahauliwa pale inapoweza kumkinga mtoto na madhara: kwenye majibu ya maabara na kwenye dozi ya dawa. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa.

Crohn ni mojawapo ya magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, na makuu ni mawili. Koliti ya vidonda hushika utando wa ndani wa utumbo mpana, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu. Crohn huweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, huruka sehemu, na huchimba ukuta wote wa utumbo hadi ukasinyaa au ukatoboka na kuacha fistula, yaani njia isiyo ya kawaida kutoka utumboni hadi kwenye ngozi au kiungo kingine. Takriban robo ya wagonjwa huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 20. Na mtoto ana cha kupoteza ambacho mtu mzima hana: urefu na balehe. Msichana wa miaka 13 ambaye matiti hayajaanza kuota, au mvulana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote ya balehe, anaweza kuwa na Crohn hata kama haharishi kabisa.

Tuanze na vinasaba, maana ndiko kauli ya "ugonjwa wa Wazungu" inakoegemea. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni iitwayo NOD2, ya kwanza kuhusishwa wazi na Crohn. Mabadiliko yake matatu yanayojulikana zaidi huonekana kwa watu wenye asili ya Ulaya, na ni nadra mno kwa Wajapani na kwa Waafrika. Kwa Wamarekani weusi yanapoonekana, kwa kawaida yameingia kupitia babu au bibi wa Kizungu. Wengi walisoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba Mwafrika ana kinga. Lakini Wajapani na Wakorea hawana mabadiliko hayo, na Crohn imekuwa ikiongezeka kwao kwa miongo kadhaa. Jeni yenye nguvu zaidi kwao ni nyingine, TNFSF15. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliolinganisha Wazungu na watu wa Asia ya Mashariki, India na Iran ulionyesha kwamba sehemu nyingi za vinasaba zinazohusika ni zilezile kwa watu wote, isipokuwa chache zilizotofautiana kwa nguvu au kwa kutokuwepo. Kukosa NOD2 kunamaanisha kwamba njia moja haipo. Njia nyingine zipo.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa wahamiaji. Huko British Columbia, Kanada, watoto wenye asili ya Asia ya Kusini walionekana kupata magonjwa haya kwa kiwango cha kama 15 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, wakati wenzao wa asili nyingine walikuwa kama 5. Wazazi wao wametoka sehemu ambazo zamani zilihesabiwa kuwa hazina ugonjwa huu. Kule Ontario, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kadiri mtu anavyohamia akiwa mdogo ndivyo hatari inavyopanda, na kwamba watoto waliozaliwa Kanada kwa wazazi waliotoka Afrika kusini mwa Sahara, Asia ya Kusini au Mashariki ya Kati walikuwa na hatari sawa na watoto wa wenyeji. Wale ambao wazazi wao walitoka Asia ya Mashariki waliendelea kuwa na hatari ndogo. Kwa hiyo asili haijafutika. Imebaki na sauti, ila ya chini kuliko tulivyoaminishwa.

Mfano wa Israel unaeleza zaidi. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki, Waashkenazi, wana hatari mara 2 hadi 4 zaidi ya Wazungu wengine, na hilo linafahamika tangu zamani. Wayahudi wa Ethiopia waliopelekwa huko kwa wingi mwaka 1984 na 1991 walifika bila ugonjwa huu kujulikana kwao, kisha ukaanza kuonekana miongoni mwao baada ya miaka mingi ya kuishi nchini. Vinasaba vya jamii havibadiliki ndani ya miaka ishirini. Kilichobadilika ni chakula, maji, dawa za utotoni na bakteria wa tumboni.

Kuhusu hao bakteria, Tanzania ina nafasi ya pekee. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wamepimwa choo mara kadhaa, na tafiti za mwaka 2014 na 2017 zilionyesha aina nyingi za bakteria wanaosaga nyuzinyuzi ambao kwa watu wa miji ya viwanda wamepungua au wametoweka. Mizizi, ubuyu, matunda pori na asali vinaweza kumpa Mhadzabe zaidi ya gramu 100 za nyuzinyuzi kwa siku, wakati mlaji wa kawaida wa Marekani hafikishi 20. Utafiti wa 2017 ulionyesha pia kwamba bakteria wengine hupungua msimu wa mvua na kurudi kiangazi, wakifuata chakula. Mwaka 2018 watafiti wa Minnesota waliwapima Wahmong na Wakaren waliotoka Kusini-mashariki mwa Asia wakakuta mabadiliko yanaanza ndani ya miezi michache tu ya kuishi Marekani, na yanazidi kwa watoto wanaozaliwa huko. Na mwaka 2015 Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walibadilishana chakula na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal kwa wiki mbili. Waliopewa chakula cha kijijini utumbo wao ulitengeneza butireti nyingi zaidi, ambayo ndiyo chakula cha chembe za ukuta wa utumbo mpana, na dalili za uvimbe zikashuka. Waliopewa chakula cha mjini wakaelekea upande wa pili. Makundi yote mawili yana asili ya Afrika.

Hapa inabidi kusema kwa ukali kidogo, maana matokeo haya yanatumiwa vibaya mitandaoni. Hakuna hata moja kati ya tafiti hizo iliyoonyesha kwamba ubuyu au uji wa dona unatibu Crohn. Mtoto ambaye utumbo wake umeshasinyaa akipewa mahindi ya kuchoma, njugu, au machungwa pamoja na ngozi zake za ndani anaweza kuziba utumbo na kuishia kwenye upasuaji. Hata kumpa mtu mayai ya minyoo ya nguruwe kwa makusudi, kwa wazo kwamba minyoo hutuliza kinga ya mwili, kulijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn na hakukufaa.

Nchini Marekani watoto weusi wenye Crohn hufika hospitali wakiwa na upungufu mkubwa zaidi wa damu na hurudishwa kulazwa mara nyingi zaidi kuliko Wazungu. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa wenyewe, kwa mfano fistula na majipu karibu na haja kubwa yanayotajwa sana kwao. Lakini bima, umbali wa kliniki na miezi iliyopotea kabla ya kupimwa vimo ndani ya hesabu hiyohiyo. Kuliita yote "tofauti ya rangi" ni kuficha sababu zinazoweza kurekebishwa.

Basi mtoto atambuliwe vipi? Kuhara kunakozidi wiki nne, kuamka usiku kwa ajili ya choo, damu, vidonda vya mdomoni visivyoisha, maumivu ya viungo, jipu au ngozi iliyovimba pembeni ya haja kubwa. Watoto huficha hili la mwisho, na wazazi huona aibu kulitaja, kwa hiyo daktari lazima aangalie mwenyewe. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa upungufu wa damu hauonekani usoni. Tazama ndani ya kope, ulimi na viganja. Vinundu vyekundu vya miguuni vinavyoelezwa vitabuni huonekana vya rangi ya zambarau au kahawia, na hutambulika zaidi kwa kupapasa: vina joto na vinauma. Halafu chati ya urefu. Familia ikisema "sisi ni wafupi", chukua urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, jumlisha, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, gawa kwa 2. Mtoto anayekua chini sana ya mstari unaoelekea kwenye namba hiyo, au aliyeshuka kutoka mstari mmoja wa kadi ya kliniki hadi mwingine, hajarithi ufupi. Kuna kitu kinamzuia kukua.

Vipimo vya awali vinajulikana: choo kwa darubini zaidi ya mara moja, kuotesha choo, kichocho hasa kwa wanaoishi kanda ya Ziwa Victoria, VVU, picha kamili ya damu, CRP (kipimo cha uvimbe mwilini), albumini (protini ya damu) na feritini (akiba ya madini ya chuma). Feritini ina mtego wake. Mwili ukiwa na uvimbe, feritini hupanda, hivyo namba ya 60 au 80 ambayo kwa mtu mzima wa afya inatosha, kwa mtoto huyu bado inaweza kuwa na maana kwamba madini ya chuma yamekwisha. Kisha kalprotektini ya choo, protini ya chembe nyeupe inayoongezeka utumbo ukiwa na uvimbe. Kwa mtoto aliyezidi miaka minne, chini ya mikrogramu 50 kwa gramu kunaashiria kwamba utumbo hauna uvimbe, na juu ya 250 kunataka uchunguzi zaidi. Kwa watoto wachanga mamia ni kawaida. Kwa mazingira yetu thamani yake kubwa iko kwenye jibu la chini, kwa sababu jibu la juu linaweza kuletwa na amiba, bakteria wa kuhara, au ibuprofeni na diklofenaki ambazo mtoto amepewa kwa maumivu. Na ikumbukwe kuwa koliti ya vidonda isiyo kali inaweza kuwepo huku vipimo vyote vya damu vikitoka sawa.

Kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni ndicho kinachoamua, na hapo ndipo TB ya utumbo inapoingia. Inapenda kukaa palepale Crohn inapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana. Vidonda vya TB huzunguka utumbo kwa upana, na vali inayotenganisha sehemu hizo mbili hukaa wazi. Vya Crohn huenda kwa urefu, vikiacha sehemu nzima katikati. Homa, jasho la usiku na maji tumboni vinaelekea TB. Fistula ya haja kubwa na ugonjwa wa miaka kadhaa vinaelekea Crohn. Granuloma, yaani vinundu vya chembe za kinga, zikiwa kubwa na zilizoungana, zenye nyama iliyokufa katikati, ni za TB. Mara nyingi hazionekani, kwa hiyo vipande vya ukuta wa utumbo vichukuliwe angalau viwili kila sehemu, pamoja na zile zinazoonekana nzima, na kila sehemu iwe na chupa yake yenye jina. Kosa la kila siku ni kutia vipande vyote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili. Formalini huua bakteria, na baada ya hapo hakuna cha kuotesha. Vipande vingine viwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali na kupelekwa siku hiyohiyo kwa GeneXpert, kipimo cha haraka cha vinasaba vya TB, na kuotesha. GeneXpert ikitoka na TB, shukuru. Ikitoka bila TB, haijaondoa TB.

Ikiwa bado haijulikani, hutolewa dawa kamili za TB na kamera hurudiwa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kinachoangaliwa ni kama vidonda vimepona. Kusikia nafuu peke yake kunadanganya, kwa sababu wagonjwa wa Crohn nao wanaweza kusikia nafuu kwa muda wakiwa kwenye dawa za TB. Kinyume chake ni hatari zaidi: prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa mtoto mwenye TB isiyotambuliwa itampa raha wiki mbili na kuusambaza ugonjwa mwili mzima.

Kundi moja linahitaji jicho tofauti. Mtoto aliyeanza kuugua kabla ya miaka sita, na hasa kabla ya miwili, akiwa na fistula au majipu ya haja kubwa, anaweza kuwa na hitilafu ya jeni moja tu. Mwaka 2009 zilielezwa hitilafu za vipokezi vya IL-10, kemikali ya mwili inayotuliza uvimbe, ambazo hujitokeza pale mtoto anaporithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndoa za binamu, ambazo ni za kawaida pwani, Oman na nchi za Ghuba, huongeza uwezekano huo. Kuuliza kama wazazi ni ndugu kufanyike kwa heshima na bila kulaumu, kwa sababu jibu linabadilisha tiba: dawa za kawaida hushindwa, na kupandikizwa uboho kunaweza kuponya kabisa.

Sasa dawa, ambako ningetaka asili iulizwe kila mara. Azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu za kinga ya mwili, hutolewa miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo kwa siku, na hatari yake kuu ni kushusha chembe nyeupe. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na sehemu ya Waarabu wa Yemen na Oman, hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi uliowakinga mababu dhidi ya aina moja ya malaria. Watu hawa wana nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chache katika damu kwa maisha yao yote, wakati uboho wao ni mzima na wanapambana na maambukizi kama wengine. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa na nyutrofili 1.3, yaani 1,300 kwa kila mikrolita ya damu, kabla hajaonja kidonge kimoja. Mwezi wa kwanza wa dawa anapimwa, anaonekana yuko chini ya mpaka uliochapishwa kwenye karatasi ya majibu, na dawa inayomsaidia inasimamishwa. Utafiti wa Marekani wa miaka ya karibuni ulionyesha hilohilo: wagonjwa wenye asili ya Afrika wasio na Duffy waliachishwa azathioprini zaidi kwa sababu ya chembe nyeupe, ilhali walianza wakiwa chini.

Suluhisho lake ni rahisi. Pima picha ya damu mara mbili au tatu kabla ya kuanza, mtoto akiwa hana homa, na uandike kiwango hicho juu ya faili. Benki ya damu yenye vitendanishi vya Fya na Fyb, alama mbili za Duffy, inaweza kuthibitisha kama mtoto hana Duffy. Baada ya kuanza, pima kila wiki mwezi wa kwanza, kisha linganisha na namba yake mwenyewe. Zikishuka hadi nusu ya alikoanzia, au chembe sahani na himoglobini zikishuka pamoja nazo, hiyo ni sumu ya dawa na isimamishwe. Kukosa Duffy hakumkingi mtu na sumu halisi.

Kwa watoto wenye asili ya Asia ya Mashariki na ya Kusini, wakiwemo Wahindi wa Afrika Mashariki, kipimo cha jeni kabla ya azathioprini ni cha NUDT15 pamoja na TPMT, jeni mbili zinazousaidia mwili kuivunja dawa hiyo. Mwenye nakala mbili mbovu za NUDT15 akipewa dozi ya kawaida hupoteza nywele zote na uboho kuzimika ndani ya wiki chache. Hospitali inayopima TPMT peke yake inaipa familia ya Kihindi faraja isiyo ya kweli.

Sulfasalazini, dawa ya uvimbe wa utumbo ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana, ina tatizo kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Upungufu huo umeenea kwenye ukanda wa malaria, na mtoto akiwa nao anaweza kuvunja damu siku chache baada ya kuanza: mkojo mweusi, macho ya njano, kuishiwa pumzi. Pima kabla. Usipime katikati ya tukio, kwa sababu chembe changa zinazotoka wakati huo zina kimeng'enya cha kutosha na jibu litatoka zuri kwa uongo. Na kabla ya infliksimabu, dawa ya dripu inayozuia sehemu ya kinga ya mwili, TB iliyolala itafutwe kwa picha ya kifua na kipimo cha ngozi au cha damu, huku ikijulikana kwamba mtoto aliyekonda au anayetumia prednisoloni anaweza asionyeshe chochote kwenye ngozi.

Kwa Crohn ya watoto, tiba ya kwanza inayopendekezwa haina uhusiano na asili yoyote: maziwa maalumu ya kopo yenye virutubisho vyote, peke yake kwa wiki 6 hadi 8, bila chakula kingine. Mtoto wa kilo 30 anahitaji karibu lita 2 kwa siku ikiwa kila mililita ina kilokalori 1, akipandishwa taratibu kwa siku tatu. Aliyekonda sana apandishwe polepole zaidi huku madini ya fosfeti katika damu yakipimwa. Inashindwa pale nyumbani wanapomhurumia. Jaribio la mwaka 2006 lilionyesha kwamba waliopata maziwa nusu na chakula nusu walipata nafuu asilimia 15 tu, dhidi ya 42 kwa waliokunywa maziwa matupu. Mpango mpya zaidi uliojaribiwa mwaka 2019 unaruhusu nusu ya nishati itoke kwenye kuku, mayai, wali, viazi na ndizi, na kuondoa ngano, maziwa ya ng'ombe na vyakula vya viwandani. Watoto waliuvumilia vizuri zaidi, na vyakula vyake viko katika soko lolote la Afrika Mashariki. Gharama iliyobaki ni ya makopo, na hapo ndipo bima za afya zetu zinapotakiwa kubanwa: wiki nane za maziwa zinazomwondolea mtoto steroidi za miezi kadhaa ni tiba, na zinastahili kulipiwa kama dawa.

Fomu ya mtoto huyu, iwe Muhimbili, Nairobi au Toronto, ikibaki na kisanduku kimoja cha "Mwafrika" au "Mhindi" haitamsaidia anayemtibu. Iandike nchi aliyozaliwa na umri aliohamia, urefu wa wazazi wote wawili, kama wazazi ni ndugu, nyutrofili za kabla ya dawa, jibu la G6PD, na tarehe ya siku ile ya kwanza mzazi alipolalamika kuhusu choo chake.